Msiba wa Ukucha wa Gumba

Kindu, Ijumaa. Joto. Mawingu yamekaa juu ya mto tangu asubuhi, mvua imekataa kushuka.

Kwa huzuni kubwa, mimi mkazi wa Mikelenge nawatangazia ndugu, jamaa na marafiki kwamba ukucha wa gumba langu la kulia umeaga dunia leo mchana, katika ajali ya bido, yaani dumu la maji. Marehemu alikuwa mrefu na mwenye afya. Matanga hayatakuwepo.

Chanzo cha urefu huo mnakijua. Najifunza gitaa kwenye simu, mimi mwenye mvi na kitambi. Mwalimu ni kijana wa nchi ya mbali, anacheka kila wakati, wala hajui kama nipo. Mtandao ukilala, nabaki na uso wake umeganda, mdomo wazi. Anafundisha namna mtu mmoja anavyopiga sehemu zote: gumba linatembea kwenye nyuzi nene, vidole vingine vinaimba juu. Kwa hiyo, akasema, fugeni kucha.

Nikafuga.

Lakini sisi tunakula kwa mkono, sinia moja. Dada yangu mkubwa, Yaya Zaituna, ua wake umepakana na wangu na kwake ndiko nilikokuwa nakula. Siku moja aliniangalia nikimega bugali, akavuta sinia upande wake.

"Weye Hamisi, hizi makucha njo za muntu ao za kuku? Kama hutaki kukata, kamata kijiko yako, uende kula kwako."

Nikaenda. Kijiko hakina maneno mengi.

Ningeweza kukata siku ileile. Sikukata kwa sababu ya shemeji yangu Ramazani, bwana wa Yaya.

Wakati wa vita treni haikuja, na nyuzi za gitaa hazikuja. Tulifumua waya za breki za baiskeli, tukazifunga badala ya nyuzi, vidole vikatoka damu. Magitaa mawili: yeye juu, mimi chini. Kulikuwa na wimbo aliotunga mwenyewe, usio na maneno. Siku moja alivuka Lualaba kutafuta muhogo, hakurudi. Hatukupata mwili wala habari. Tangu hapo nimebaki na nusu ya chini, na kuipiga peke yake ni kama kuitikia salamu ambayo hakuna aliyeitoa.

Nilitaka nusu ya juu kabla sijaisahau.

Sasa ukweli. Hakukuwa na ajali, wala bido. Leo baada ya sala nilipiga wimbo wote, gumba likiwa mimi, vidole vikiwa Ramazani. Haukukatika popote. Nikangoja nifurahi. Badala yake nikajiona nimekalia kiti cha mwenzangu, naye amesimama mlangoni.

Nikachukua wembe, nikaukata ukucha wa gumba. Kisha na zile nyingine.

Nikanawa, nikaenda kwa Yaya. Aliangalia mkono wangu, akasogeza sinia. Tulikula sombe ya majani ya muhogo na samaki. Halafu, bila kuinua macho:

"Ile ya muchana, pale kwa mwisho ulikosea."

"Yaya?"

"Ramazani hakukuwa anaimalizaka vile."

Akaweka tonge pembeni. Mdomo umefungwa, vidole bado vina mchuzi, akauimba mwisho wote wa upande wa juu. Ule niliokuwa nikiupiga nilikuwa nimejitungia bila kujua. Miaka yote hii hatukuwahi kumtaja Ramazani, kila mmoja akimhurumia mwenziwe, nami nikadhani wimbo umebaki kwangu tu.

Hakulia. Aliyelia ni mimi.

"Kula," akasema. "Samaki inapola."

Kesho mchana nitatoa kiti nje, upande wa ua wake, nijaribu tena ule mwisho kwa nyama ya kidole.