Kambi Aliyoichagua Nadine

Grand Teton, Wyoming
Jumatano

Dada yangu Arlis,

Pokea salamu zinazonuka moshi, maana huku kila kitu kinanuka moshi, hata kahawa. Goti lako linaendeleaje? Na shemeji Harlan, bado anakoroma mpaka ng'ombe wa jirani wanaamka? Mwambie namkumbuka, ila mkoromo wake siukumbuki. Mimi mzima, tumbo ndilo linazidi. Wifi yako Nadine yupo, anapumua kwa mashine yake. Anakusalimu, na anasema yale matango ya siki uliyotupatia yamekwisha kwa sababu nimeyala peke yangu. Hapo hajanisingizia.

Unanijua, dada. Mimi na shule tuliachana mapema bila ugomvi, lakini barabara zote za nchi hii nimezisoma kwa matairi. Nikiingia na nyumba yangu ya magurudumu kwenye kambi yoyote, wanaume wanaacha nyama motoni waje kutazama ninavyoirudisha nyuma. Kwa hiyo Nadine aliposema anataka kuziona mbuga hizi mbili, Yellowstone na Teton, kabla mapafu hayajamwishia, nilimwambia atulie. Kuchagua kambi ni kazi yangu.

Tatizo ni moja. Kambi nzuri za humu, zile za kando ya maji ambako paa anapita mlangoni kwako kama mpangaji mwenzako, hazina umeme. Jenereta unaruhusiwa kuiwasha mchana tu. Ikifika saa mbili usiku unazima, na usipozima askari wa mbuga anakuja kukugongea. Zenye umeme ni chache, na watu wamezishika tangu mwaka jana. Sasa mashine ya Nadine haijui saa mbili. Inataka waya ukutani usiku kucha.

Basi nikapanga kibingwa. Yellowstone kwanza, Teton mwisho. Sisi wazoefu wa magurudumu ndivyo tunavyofanya, maana milima ya Teton ndiyo keki, na keki hailiwi kabla ya nyama. Kwa Yellowstone nikachukua kambi ya nje, mjini, karibu na lango la magharibi. Umeme wa kumwaga. Ila ilikuwa changarawe tupu, nyumba zimebanana, na jirani yetu wa kutoka Texas alikuwa ameweka televisheni nje, kubwa kama mlango wa ghala. Nadine alichungulia dirishani, akaniuliza, baba Trudy, yaani nimevuka majimbo yote yale kuja kutazama choo cha mtu wa Texas kikimwagwa? Nikamjibu avumilie, hicho nacho ni kivutio, mbona hatozwi kiingilio.

Kila asubuhi tulipanda kile kigari tunachokikokota nyuma, na mtungi wake mdogo wa oksijeni mapajani, tukaingia mbugani. Kila asubuhi nyati walikuwa wamelala barabarani. Foleni nzima inamsubiri nyati mmoja ajikune. Nadine alisema amenikumbuka mimi siku ya kwenda kanisani. Nyati anapoondoka, mtungi umefika nusu, tunageuza gari. Chemchemi za moto aliziona mara moja tu, kwa mbali, mvuke kama wa birika la jirani. Jioni alikaa kwenye changarawe akitazama mpira wa yule bwana. Hakulalamika, na hilo ndilo lililoniuma.

Nikaanza kuwasumbua watu wa Teton kwa simu, kutwa mara nne, nikiuliza kama kuna aliyeghairi. Mwisho yule mama wa ofisini alikuwa akisikia pumzi yangu tu ananiambia, bado, bwana Verlin, kunywa maji. Kisha akapatikana mtu kavunjika mguu huko Ohio. Mungu amponye, lakini mguu wake ulitupatia kiwanja chenye umeme karibu na ziwa, mpaka Ijumaa hii. Nilipiga honi mpaka mtu wa Texas akatoka na taulo.

Tulifika Jumamosi jioni, giza limeingia. Jumapili tukaamka, hakuna milima. Misitu inaungua upande wa Idaho na moshi wote umehamia huku. Ziwa lenyewe naliona mpaka pale mtumbwi wa kwanza ulipofungwa, basi. Nadine hainuki tena kitandani, na dirisha la kule nyuma linatazama mti. Akaniuliza kama milima inaonekana. Nikamwambia inaonekana vizuri sana, kilele kina theluji, na nikaongeza tai mmoja. Akasema, we mwanamume, mapafu yamekufa, pua bado. Halafu akaniambia niendelee, hasa huyo tai.

Dada, kama ningeanza na keki angeiona. Wiki iliyopita anga la huku lilikuwa safi kabisa, wote wanasema.

Sasa nikwambie yaliyonifanya nishike kalamu. Jumatatu alikuja nesi kutoka mjini. Alisema kilichobaki ni kidogo, akataka ampeleke hospitali. Nadine akamuuliza kama huko watampa mapafu mengine. Nesi alikuwa mkweli, akasema hapana, akamwachia dawa za kumtuliza, na atarudi kila siku. Ijumaa saa tano asubuhi lazima tumpishe mwenye zamu. Nimepiga simu kila mahali. Penye umeme ni mahali pamoja tu, ile changarawe ya mjini.

Jana nikamletea ramani kitandani, nikamwambia turudi changarawe. Akaweka kidole kwenye kambi ndogo ng'ambo ya ziwa, ndani ya misonobari. Nikamwambia pale hakuna waya. Akasema anajua. Nikamwambia jenereta ni mpaka saa mbili, na mitungi tuliyonayo haifikishi asubuhi. Akasema, baba Trudy, nilikusikia mara ya kwanza. Nikaikunja ramani. Tangu tuoane mimi ndiye nachagua kambi. Hii kachagua yeye, na nimekubali.

Trudy anadhani tunarudi Jumapili. Usimwambie, nitampigia mwenyewe leo, nikipata sauti. Nawe usije kwa gari na goti hilo.

Asubuhi hii nilikwenda kushika kiwanja. Binti wa dirishani aliniuliza tutalala usiku ngapi. Mimi mwenye mdomo huu, dada, nilisimama pale mpaka watu wa nyuma wakaanza kukohoa. Akaandika mmoja.

Mpe Harlan mkono wangu. Nadine anakubusu mashavu yote mawili, na anasema usisahau kumwagilia nyanya zake. Kama kuna zilizoiva, chukua.

Mdogo wako,
Verlin