Kaka Kaona

Bartholomeo Fransisko,
S.L.P. 19,
Matombo, Morogoro.
23 Julai 1995

Mpendwa mpwa wangu Angelina,

Marahaba, mwanangu. Shikamoo yako nimeipokea kwa mikono miwili, na ya mwanao Stephano pia, maana umeandika kwamba siku hizi anaamkia hata kuku. Mmeamkaje huko Kigoma? Mkwe wangu hajambo? Kile kikohozi cha mtoto kimeondoka? Huku baridi ya mwezi wa saba imeshika, ukungu unashuka mpaka mlangoni, lakini mjomba wako ni chuma. Jino moja tu linanisumbua, na lenyewe linajua haliniwezi.

Barua yako ilifika Jumanne ya wiki jana. Nimeisoma mara tatu, mwenyewe, bila kusomewa. Darasa la nne la mkoloni si mchezo. Hawa wa siku hizi wenye vyeti vya kidato cha nne wananiletea fomu zao niwajazie.

Kwetu kumebadilika, ukija utapotea. Karafuu hatubebi tena kichwani kupeleka ushirika. Wanunuzi wanatufuata mlangoni na mizani zao, wanagombana wao kwa wao na sisi tunakunywa chai tunawatazama. Mitumba imefika mpaka huku juu. Mimi nimejipatia koti la Ulaya, zito, lina manyoya shingoni, nadhani lilikuwa la jenerali. Bi Raya mkunga aliponiona nalo akasema nimefanana na lile dubwana langu la msituni. Unamjua mdomo wake.

Wenzangu wa kiwandani bado wanakwenda kukaa pale getini kila Jumatatu, wakisubiri mwenye kiwanda mpya aje awaite. Mimi tangu tupunguzwe nimerudi kwenye migomba ya mama yetu, na sijuti. Ila jioni nyumba inakuwa kimya. Ndipo nakumbuka jiko la mama yako kule Mikese.

Unalikumbuka? Wewe ulikuwa unakaa juu ya kile kinu kilicholazwa, ndizi zinachomwa, moshi unatutoa machozi, malori ya Dar yanapita nje mpaka vikombe vinagongana. Unaniambia, "Mjomba, Mwenembago." Nami naanza. Nikiruka mahali unanirudisha: "Bado hujasema alivyokuwa ameshika mikono!" Hakuna mtu aliyewahi kunisikiliza hivyo, si mke wangu, si padri.

Haya, sasa lile swali lako. Umeandika kwamba huko mna sokwe, na wakisimama kwa miguu miwili mtu anaweza kuapa ni binadamu. Ukaniuliza kama yule Mwenembago wangu, mwenye msitu, hakuwa sokwe tu. Na kwamba Stephano anataka ajue ukweli kabla hamjaja Desemba.

Swali hilo lingekuja mwezi wa sita, ningekujibu kwa kurasa kumi. Ningekwambia milima hii haina sokwe, wangekuwepo wangenisalimia kwa jina. Nyani nimepigana nao kwenye mahindi tangu naota meno. Mbega namjua, ana koti jeusi na mabega meupe kama sista, na hashuki chini ovyo. Yule mtaalamu wa chuo aliyekuja na daftari mwaka 1988 alisema labda nilimwona nyani mzee aliyeumia mikono. Nikamwambia, bwana, wewe umekuja leo kwa gari, mimi nilikuwepo siku ile kwa miguu. Akafunga daftari.

Lakini swali lako limekuja mwezi wa saba, na Alhamisi iliyopita yametokea mambo. Nataka uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwa watu. Naogopa kidogo, mpwa wangu. Huenda ukimaliza barua hii usiwe tena na yule mjomba wa kwenye kinu.

Kwanza nikukumbushe hadithi yenyewe, ili tuwe pamoja. Mwaka 1958, mimi nina miaka kumi na mitano, mama yako Ester ana minane. Tumetumwa asubuhi kumpelekea baba chakula shamba la juu. Kwenye kona ya kijito, ndani ya ukungu, anatokea mtu mfupi, amejikunja, anatembea kwa miguu miwili, mikono ameikusanya kifuani kama anayekwenda kukomunika kanisani, na mgongoni ana nundu. Mimi namweka Ester nyuma yangu, nachomoa panga, namtukana kwa Kiluguru. Naye ananijibu kwa Kiluguru safi. Halafu nambeba Ester begani, navuka naye mto, namfikisha nyumbani hana hata mkwaruzo.

Kweli kila mwaka Mwenembago alirefuka kidogo. Ulipozaliwa alikuwa ananifika kiunoni. Ulipofunga ndoa alikuwa anainama kupita chini ya migomba. Na lile la kwamba akionekana tena lazima achomwe moto, majivu yamwagwe mtoni, la sivyo kijiji kitakwisha, hilo niliongeza kilabuni mwaka 1974. Sijui lilitoka wapi. Nadhani lilitoka kwenye kibuyu.

Na unakumbuka mwisho wake. Wageni walikuwa wanamgeukia mama yako: "Eti, mama Angelina, ni kweli?" Naye anajibu neno moja tu. Kaka kaona. Kisha anavuta khanga mdomoni anacheka mpaka anashika ukuta. Mimi sikutaka ushahidi mwingine. Shahidi mwenyewe amesema, kaka kaona.

Basi Alhamisi, saa nne asubuhi, Maneno fundi baiskeli alikuwa anafyeka shamba lake karibu na msitu. Akakutana na kitu kinakuja kwa miguu miwili. Akakifunika na tenga la nyanya, akapiga yowe. Mpaka wamekileta ofisi ya kijiji, watu wameshajaa, na mwenyekiti wetu Dominiko akatuma mtu aniite.

Nikavaa koti langu la jenerali. Watu wakanipisha njia kama askofu. Nakwambia ukweli, nilifurahi.

Nilipofika uwanjani nikakuta kuni zimeshapangwa. Maneno ana kibiriti mkononi. "Mjomba Batolo! Tumemkamata mtu wako!" Na mbele ya tenga amekaa Bi Raya, amenyoosha miguu, hataki kuondoka.

"Huyo kakakuona, nyie watoto wa runinga," anasema. "Mnyama wa heri. Mchomeni, halafu mvua ikikosa nitakuja kuidai kwenye milango yenu."

"Bibi, kakakuona ni mpira," Maneno akamjibu. "Kila mtu anajua. Huyu katembea mbele yangu wima, mikono kifuani, nundu mgongoni. Kila kitu kama alivyosema Mjomba!"

Na hapo Maneno hakukosea. Mimi mwenyewe kakakuona nimemwona mara moja tu, mjini, getini kiwandani, amejiviringisha magamba nje, watu wanamzunguka. Hakujikunjua mpaka tukachoka. Kakakuona tunayemjua wote hapa ni mpira. Nani amewahi kumwona anatembea?

Dominiko akasema, "Mzee Bartholomeo, shahidi ni wewe. Inua tenga. Ndiye au siye?"

Nikainua tenga. Kulikuwa na mpira kweli, mkubwa, wa magamba. Tukangoja. Ukaanza kufunguka taratibu, ikatoka pua, vikatoka vijicho vidogo, kisha akasimama kwa miguu ya nyuma, akakusanya makucha yake kifuani kama anayekwenda kukomunika, akaanza kuja kwangu. Urefu wake haufiki magotini. Na ile nundu, Angelina, ilikuwa mtoto. Mtoto mdogo, magamba bado laini, amelala kwenye shina la mkia wa mama yake, ameng'ang'ania.

Miguu yangu ikamtambua kabla yangu. Miguu ile ile, ikataka njia ile ile.

Nikajikaza, nikasema, "Siye. Wangu alikuwa mrefu kama mlango wa kanisa." Nikadhani nimemaliza, mnyama amepona na mimi nimepona.

"Basi hawa ni mwanawe na mjukuu!" Maneno akaruka. "Mkubwa yuko njiani anawafuata! Mjomba, si ulisema wewe, wachomwe na majivu mtoni?" Watu wakaitikia, alisema, alisema. Akawasha njiti, upepo ukaizima. Akatoa ya pili.

Nikavua koti nikalitupa juu ya zile kuni.

"Hakuna mkubwa," nikasema. "Alikuwa huyu huyu, wa urefu huu huu. Hakusema Kiluguru wala Kiswahili. Sikumtukana. Nilitupa chakula cha baba nikakimbia, na mdogo wangu nikamwacha njiani peke yake."

Halafu mtu mmoja nyuma akashindwa kujizuia, na wote wakaangua kicheko, hata Dominiko, mhuri mkononi. Bi Raya peke yake hakucheka. Alinitazama, akasema, "Umechelewa kidogo tu, Batolo. Miaka thelathini na saba."

Kuni zilikwenda jikoni kwa Bi Raya. Wazee wakataka tufuate desturi kabla ya kumwachia mnyama, wakamwekea unga, maji na panga, tuone atachagua nini, mwaka uwe wa shibe, wa mvua au wa vita. Na kwa kuwa uchaguzi wa vyama vingi umekaribia, vijana wakachomeka na bendera, kila mmoja ya chama chake. Mama wa watu akavipita vyote, akaenda nyuma ya choo cha ofisi kwenye kichuguu akaanza kula mchwa. Mpaka leo kila chama kinadai kichuguu kile ni chao.

Tangu siku hiyo jina langu ni Mbio. Watoto wakinipita wanauliza, "Mbio, leo hatukimbii?" Nitazoea.

Si hilo lililonikalisha kuandika, mwanangu. Ni hili.

Siku ile ya 1958 nilipokimbia, nilisikia mama yako ananiita nyuma. "Kaka! Kaka!" Maneno mengine yalikatwa na mto. Sikugeuka. Nikajificha ghalani. Mchana Ester akarudi polepole, amebeba panga langu. Chakula alikiokota akampelekea baba, peke yake. Mama yetu akamuuliza, kaka yako yuko wapi? Akajibu, "Kaka alitangulia." Basi. Nami nikatoka ghalani nikaanza kusimulia, na sijanyamaza mpaka Alhamisi.

Maisha yote niliamini alikuwa ananililia nimwokoe. Sikumuuliza. Hata zile siku zake za mwisho, nimekaa kitandani pake nimemshika mkono, nilimpa hadithi za kiwandani.

Alhamisi wakati tunamsindikiza mnyama msituni, Bi Raya alitangulia mbele anawafukuza watu njiani kwa fimbo. "Mpisheni kakakuona! Mpisheni kakakuona!" Nikasimama pale pale. Watu wakadhani nimechoka.

Litamke mwenyewe, Angelina. Litamke haraka haraka. Kisha litamke ukiwa unacheka, khanga iko mdomoni.

Nadhani bibi yetu ndiye aliyemfundisha mama yako jina la mnyama yule, maana alikuwa anakaa naye jikoni na kumweleza kila kitu. Basi wageni wote wale, miaka yote ile, waliuliza nini kilitokea, na mama yako akawaambia kilichotokea. Mimi nikasikia nilichotaka kusikia. Hakuniumbua hata siku moja, na hakusema uongo hata siku moja.

Na zile "Kaka! Kaka!" za mtoni, sasa sijui tena. Huenda alikuwa analia. Huenda alikuwa ananiita nirudi nikaone yule mdogo juu ya mkia. Hilo nitakufa nalo.

Kwa hiyo Stephano mjibu hivi: hakuwa sokwe. Alikuwa kakakuona na mwanawe. Babu yake alikimbia, na bibi yake, mwenye miaka minane, alisimama akatazama mpaka wakapita. Ila usisahau kumwambia kwamba mbio zile hakuna kijana wa Matombo angezifikia. Hilo si chumvi.

Ukitaka kunicheka, nicheke, wenzako wameshaanza. Ukitaka kukasirika kwa kuwa nilimwacha mama yako, kasirika, una haki. Lakini Desemba uje. Nimekwenda jana mpaka ile kona ya kijito, nimefyeka njia. Nataka tukasimame pale aliposimama yeye, mtoto aulize maswali yake, na mimi nijaribu kusimulia bila kuongeza.

Mke wangu Furaha anakusalimu sana, anasema mtoto aletewe nguo nzito. Mwenyekiti Dominiko anakusalimu, na Bi Raya anamsalimu Stephano peke yake, anasema ninyi wengine mmeshakua. Mpe mkwe wangu mkono. Mungu awatunze huko ziwani, awafikishe kituoni Morogoro salama, nami nitakuwa nimesimama pale tangu asubuhi, na koti langu, sikimbii.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye kuliko hadithi zangu zote,

Bartholomeo Fransisko,
kaka wa Ester.