Pepo Niliyemtunga Mwenyewe

Jumatatu, 9 Februari 1998

Leo nimeumwagia maji ya moto mche wa nne. Nilingoja Musa aende kisimani, nikaipua sufuria, nikamwaga polepole shinani, nikaijaza tena na kuirudisha jikoni. Mama alikuwa uani anasuka makuti. Hakuona. Siku hizi mama haoni kitu.

Musa ni mume wa mama. Mtu wa bara. Alikuwa na jina lingine, akasilimu ili amwoe, akapewa hilo. Mimi humwita Musa wa Juzi, lakini kimoyomoyo tu, kwa sababu sisemi. Leo ni siku ya kumi na saba sijamsemesha mtu yeyote.

Ni mtunza bustani kwenye hoteli moja Diani. Tangu ghasia za mwaka jana, watu wa bara walipofukuzwa na kuuawa, wageni hawaji, nusu ya hoteli imefungwa, naye huitwa siku mbili tu kwa wiki. Siku zilizobaki anapanda maua mlangoni petu. Kijiji kizima cha Munje hakuna mwingine anayepanda kitu kisicholiwa. Jioni alichuchumaa mbele ya mche uliokufa, akaushika jani kwa vidole viwili. "Udongo ya huku iko na chumvi mingi," akamwambia mama. Miaka kumi na mbili bustanini na hajui mmea uliochemshwa.

Daftari hili alininunulia yeye. Karatasi nzuri, wino haupenyi.

Jumatano, 11 Februari

Sijaenda shule tena. Wiki iliyopita mwalimu alinisimamisha nje kwa sababu sikuitika jina langu. Nilisimama mpaka kengele ya mwisho. Wenzangu walipita wakicheka. Wasichana wa kidato cha pili ambao ndoto yao kubwa ni kushona sare ya harusi ya dada wa mtu. Sina hamu nao.

Mama ana mimba. Hajaniambia. Nilimsikia akitapika nyuma ya choo, asubuhi tatu mfululizo, kisha nikamwona Musa akimpelekea ndimu na chumvi, wote wawili wakinong'ona na kucheka. Nyumba hii ilikuwa ya mama na mimi. Baba yuko Vanga na wake wawili na hata salamu hatumi, nami sikuwahi kumlilia, kwa sababu tulitosha wawili. Sasa wanaambiana siri ndani ya nyumba ya bibi yangu na mimi ndiye mpita njia. Siku ile ndiyo niliyofunga mdomo.

Nilidhani mama ataniuliza kwa nini. Aliuliza mara mbili. Halafu akazoea.

Ijumaa, 13 Februari

Musa kaenda msikitini na kanzu yake mpya. Akisali huwa anawatazama wa pembeni ajue wakati wa kuinama. Wazee wanampenda. Alitengeneza mfereji wa maji ya kutawadha, basi imekuwa Musa huyu, Musa huyu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hakuwa mgonjwa.

Jumapili, 15 Februari

Mama Mkubwa amekuja kutoka Msambweni mjini. Dada yake mama. Mama Mkubwa ana pepo. Pepo wake ni Mwarabu asiyejua Kiarabu. Hupanda kila mwezi wa mfungo ukikaribia kuisha, na hutaka marashi, halua na kanga mpya, doti mbili, za rangi ambazo Mama Mkubwa mwenyewe huwa amekwisha zitazama dukani. Mume wake hununua bila kugombana. Nani atagombana na pepo?

Alinishika kidevu akanitazama machoni kwa muda mrefu. Pumzi yake ilinuka tambuu.

"Huyu hakununa, mdogo wangu," akamwambia mama. "Huyu ana mtu kichwani."

Mama akasema ni utoto tu, utapita. Mama Mkubwa akasema hata yeye walimwambia utoto.

Jumanne, 17 Februari

Wamemleta mganga. Bi Mwaka, mwanamke mwembamba wa Kibuyuni mwenye jino moja la dhahabu. Wamenifunika shuka juu ya chetezo cha ubani mpaka nikatokwa machozi na makamasi. Bi Mwaka akasema pepo yupo, ni wa kiume, ana kiburi, anaona haya kujitaja jina. Nifukizwe siku tatu, halafu Jumamosi ipigwe ngoma apande kichwani aseme anachotaka.

Chini ya shuka nilikaribia kucheka. Watu wazima, wenye meno na wajukuu.

Kisha nikaacha kucheka. Pepo huulizwa anataka nini. Akishasema, hupewa. Nimelijua hilo tangu nikiwa mtoto, nimekula halua ya Mama Mkubwa miaka yote hiyo, na sikuwahi kulifikiria. Mtoto akisema hamtaki mume wa mama yake atachapwa. Pepo akisema, watu watauliza tu lini.

Nitasema Musa aondoke.

Alhamisi, 19 Februari

Musa hataki ngoma. Alimwambia mama wanipeleke hospitali, pale Msambweni kuna daktari wa watoto. Mama akamjibu kwamba daktari hajui mambo haya.  Baadaye Musa akaiuza baiskeli yake, akarudi na mbuzi, ubani na kitambaa cheupe cha pepo. Sasa akienda Diani atatembea kwa miguu mpaka barabarani.

Mjinga amejinunulia ngoma yake mwenyewe.

Nilipokuwa peke yangu nilijaribu sauti. Ya kooni, nzito. Siku ishirini na saba bila kusema zimeisaidia. Hata mimi ilinitisha kidogo.

Jumamosi, 21 Februari

Nimefanya.

Ngoma ilianza baada ya Alasiri. Uwanja wote ulijaa. Wanawake upande huu, na kule ukutani vijana wa barazani, wale ambao hawana kazi na hawana haya, wamekuja kutazama. Nilikalishwa kwenye kigoda. Bi Mwaka aliimba, wakaitika. Nilitaka kungoja kidogo ili wasione nimefanya haraka, lakini ngoma ikipigwa karibu na sikio mwili hutetemeka wenyewe. Nusu ya kutetemeka kule sikuifanya mimi. Naandika hili kwa sababu ni kweli.

Bi Mwaka akauliza, "Karibu, bwana. Tumekukosea nini?"

Nikasema sitaki harufu ya mtu wa bara katika nyumba hii.

Ngoma zikakatika moja moja. Bi Mwaka akauliza nampa muda gani. Nikasema Ijumaa isimkute.

Musa alikuwa amesimama mlangoni na kata ya maji, alikuwa ameambiwa ailete baada ya pepo kutulia. Hakuimwaga. Alitazama chini. Na vijana wote wa ukutani waligeuka wakamtazama yeye, kwa pamoja, wala hakuna aliyewaambia.

Hilo sikulipanga. Nilitaka atoke nyumbani. Sikuwafikiria wale.

Kisha nikajiangusha na wanawake wakanifunika. Nilifurahi. Chini ya kile kitambaa cheupe nilifurahi kuliko siku yoyote mwaka huu.

Jumapili, 22 Februari

Sisemi na watu bado. Pepo hasemi kila siku.

Musa alikwenda kusali Adhuhuri na akarudi mapema. Hakuna aliyempa mkono. Wazee walewale wa mfereji. Maji wanatawadhia ya mkono wake, na mkono wenyewe wanaukwepa. Watu wa hapa ni bendera, hufuata upepo, na mara hii upepo ni mimi.

Jioni jiwe lilianguka uani. Moja tu. Mama akasema ni watoto wanaangua maembe. Mwembe wa karibu uko kwa jirani, na haujazaa.

Jumatatu, 23 Februari

Mawe matatu. Kijana mmoja wa barazani alipita njiani akasema kwa sauti, "Sheikh wa bara, umefunga mizigo?" na wengine wakacheka.

Mama alilia mchana kutwa. Alimwambia Musa asiende, watamtuliza pepo kwa kitu kingine, watachinja tena. Nilikuwa nyuma ya pazia. Musa alimjibu polepole, kama mtu anayehesabu maneno. "Mwaka jana nililala kwa shamba la minazi siku mbili, mvua inaninyeshea. Nilikuwa na wenzangu wawili. Nilitoka peke yangu. Hawa vijana mimi nawajua, mama. Siwezi ngoja mara ya pili."

Sikujua habari ya wenzake wawili. Hajawahi kuisema. Nami sikuwahi kuuliza, nilikuwa na kazi ya kuchemsha maji.

Ningeweza kutoka nyuma ya pazia wakati ule. Pazia jepesi. Sikutoka. Nilijiambia kwamba akienda kwa hofu ni sawasawa na kwenda kwa kutaka.

Jumatano, 25 Februari

Ameondoka kabla ya jua kupanda vizuri. Begi moja na redio. Mama alikuwa amekaa kizingitini.

Kabla ya kutoka alikuja chumbani kwangu. Nikafumba macho. Alisimama mbali kidogo na kitanda, akapiga hodi ukutani ingawa alikuwa ndani tayari. Kisha akasema, si na mimi:

"Wewe mwenye uko hapo ndani, mimi naenda. Nimekusikia. Sasa uachilie huyu mtoto. Arudi shule. Ni mtoto ya akili."

Akangoja jibu. Nilihesabu pumzi zangu kumi na nne. Akatoka.

Nilidhani alikuwa anajua. Nilidhani wao wote wanajua kidogo na wanajifanya, kama mume wa Mama Mkubwa. Yule mtu aliamini. Ameacha mke na mtoto aliye tumboni kwa kumwogopa na kumheshimu mtu ambaye hayupo. Namdharau kwa hilo. Nimelala kutwa nzima nikijaribu kumdharau.

Ijumaa, 27 Februari

Nimeletewa halua kwenye sahani ya maua na marashi kwenye kikombe. Mama aliviweka chini mlangoni akaondoka. Nimekula halua. Ilikuwa nzuri.

Watoto wa jirani wakiniona wanakimbia.

Jumatatu, 2 Machi

Leo nimesema. Kwa sauti yangu. Mama alikuwa anapepeta mchele, nikakaa mbele yake, nikamwambia, mama, hakukuwa na pepo. Nilitunga. Nilikuwa nimekasirika kwa sababu una mimba na hukuniambia. Nikamwambia na habari ya maji ya moto, mche kwa mche.

Nilidhani atanipiga. Nilijitayarisha. Nilitaka anipige.

Ungo ulimwanguka. Akarudi nyuma akiwa amekaa vilevile, amejishika tumbo. "Umejuaje kama nina mimba?" akauliza, lakini hakuniuliza mimi. Macho yake yalikuwa juu ya kichwa changu kidogo. Akatuma mtu kwa Mama Mkubwa.

Jumanne, 3 Machi

Bi Mwaka amefika na Mama Mkubwa. Nimewaeleza yote tena, kwa mpango, kuanzia mwanzo. Bi Mwaka alisikiliza vizuri sana. Kisha akawaambia ndivyo walivyo hawa wa kiume wenye kiburi, wakishapewa hujificha, husema hatupo, ili wasilishwe kiapo wala wasibanwe. Na mimba ameijua nani kama si yeye? Na maua ameyaunguza nani? Pepo wa namna hii hapendi maua.

Nikasema mimi ni Mwanatumu. Nikasema nilizaliwa nyumba hii hii. Wakatikisa vichwa kwa huruma.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Wahenga hawakufika Munje.

Alhamisi, 5 Machi

Nimejaribu njia nyingine. Kama hawamsikii Mwanatumu watamsikia yule. Asubuhi niliketi kwenye kigoda bila ngoma, nikaitoa ile sauti, nikasema nimebadili nia, Musa arudishwe.

Mama hakungoja kuulizwa mara ya pili. Alivaa buibui akaenda Diani, na tumbo lake, peke yake. Amerudi wakati wa Magharibi. Miguu imevimba. Mwenzake Musa wa bustanini alimwambia Musa alichukua nguo zake hotelini Jumatano ileile na kuvuka feri. Amerudi kwao. Kwao wapi, hakusema.

Mama hajui jina la kijiji chake. Alikaa kitandani akitaja majina ya miji ya bara aliyowahi kuyasikia redioni, moja moja, akitikisa kichwa. Miezi yote hii chini ya paa moja na hakuna mtu wa nyumba hii aliyewahi kumwuliza anatoka wapi hasa. Tulisema bara. Ilitutosha.

Mimi ni mtu mbaya. Nimewaandika wote humu, ujinga wao na harufu zao, na hilo sijaliandika.

Jumapili, 8 Machi

Bi Mwaka amesema mtoto mchanga asizaliwe chini ya paa ninalolala. Mama anahamia kwa Mama Mkubwa mpaka ajifungue, na baada ya hapo wataona. Bi Mwaka atakaa na mimi. Anasema nina kichwa chepesi, nitamfaa kazini. Atafika Alasiri.

Mama amefunga nguo zake kwenye kanga. Haikuzidi nusu saa. Nilikuwa kitandani. Alikuja akasimama palepale aliposimama Musa, akavua viatu, akapiga magoti kwa shida kwa ajili ya tumbo.

"Bwana mkubwa," akasema, "tunaomba ruhusa. Nipe nikazae salama. Mtoto huyu hajakukosea."

Hakulitaja jina langu.  Nilitaka kumwita mama, ila nilijua nikimwita ataogopa zaidi, na mtu mwenye mimba hafai kuogopeshwa.

Basi nikatumia ile sauti. Nikasema nenda, utazaa salama, mimi sitamgusa mtoto.

Akashukuru. Akainuka kwa kushika ukuta, akachukua mzigo wake, akatoka kinyumenyume mpaka mlangoni.

Sasa ni saa tano. Jua limeingia chumbani. Jirani anatwanga.