Mashine Ilisema Hakuna Mutu wa Kutoa Damu

Jumatatu, 4/3/2024
Asubuhi Syauswa, muuguzi wa kituo chetu cha Beni, alinipigia simu hapa Butembo. Mama mumoja alizaa, damu ilikuwa inamutoka mingi. Damu yake ni groupe O négatif. Syauswa aliuliza programu yangu ya watoaji damu nani anaweza kutoa. Ikajibu: hakuna. Njo akatangaza ku radio. Mathe, fundi wa magari, alisikia, akakuja, akatoa. Mama ni muzima.
Mais Mathe iko ndani ya base, mule programu inachunga majina ya watoaji! Miye mwenyewe nilimuandika. Sielewi.

Jumanne, 5/3/2024
Nimeona kitu. Programu inatuma swali ku base, halafu haingoji jibu. Inarudi mikono mitupu, inaandika "hakuna". Majina yanafika kisha, kwa kuchelewa, ndani ya callback, kile kipande kinachoitwa jibu likifika. Hapo hakuna tena mwenye kuyapokea.
Niliweka await mbele ya swali. Ile ile: hakuna. Nimeiambia ingoje, kwa nini haingoji?

Jumatano, 6/3/2024
Issaka, mwenzangu wa bureau, alichungulia. Anasema await inangojea promesse tu, ni kusema ahadi ya jibu, na query yetu ya zamani, lile swali ku base, haitoi promesse. "Unangojea mutu ambaye hakukuahidi kitu." Donc nifunge query ndani ya Promise, callback iite resolve, ya kutimiza ahadi, ikipata majina.
Nilielewa nusu. Nikajaribu — Mathe akatokea! Nikatuma programu mupya Beni.

Ijumaa, 8/3/2024
Syauswa tena. Mutoto mumoja ametoka kijiji cha Mutwanga, malaria, damu imepunguka sana. Ukurasa wa programu unazunguka tu. Hausemi ndiyo, hausemi hapana. Huku kwangu programu inatembea muzuri!
Issaka aliuliza: base ikikataa, ahadi yako inajuaje?
Nikasoma tena. Niliandika resolve peke yake. Reject, ya kuvunja ahadi, hata kidogo. Kosa likija, ahadi inabaki hivyo, haitimizwi, haivunjwi.
Niliiongeza. Syauswa akajaribu, akanisomea: "Base haipatikani."
— Donc Eliane, batu ba kutoa damu bako ao hapana?
— Sijuwi, yaya Syauswa. Mashine nayo haijuwi. Lakini haikusema hakuna.
Issaka amekwisha kupigia imamu wa Beni, aombe watu watoe damu. Leo musikiti umejaa. Miye natafuta kwa nini base imekatika kule Beni. Simu iko kando, Syauswa hakukata. Nasikia mama wa mutoto anamuuliza kitu kwa Kinande. Syauswa anamujibu polepole: hatujaambiwa hapana.