Baba na Kina cha Sita

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na wifi na watoto, ambao shangazi yao anawakumbuka kuliko anavyopiga simu. Sisi huku tunapumua. Mama anakusalimu na anauliza kama bado unakula ukiwa umesimama. Nimechagua kuandika kwa sababu kuta za nyumba yetu ni nyembamba, na habari yenyewe inamhusu baba.

Unajua kwamba daktari wa bandari amemruhusu arudi kwenye kreni Jumatatu. Mkono umepona, ulimi umenyooka. Ila wewe uliniomba nimpime kwa njia yangu, kwa ile programu ya sataranji ninayoifanyia utafiti. Nilikueleza kwamba kina ni idadi ya hatua ambazo programu huzitazama mbele kabla ya kucheza. Kadiri kinavyoongezeka, ndivyo inavyokuwa vigumu kuifunga. Kabla ya kiharusi, baba aliimudu kwenye kina cha sita. Cha saba kilimtoa jasho.

Basi wiki nzima amekishinda cha sita. Fundi cherehani wa jirani, aliyekuwa akimtania kwamba mashine itamnyoa bila maji, sasa anamwita Profesa, na mimi ananiuliza mbele za watu shahada zangu zilinisaidia nini. Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Nami nilikuwa tayari kukuandikia kwamba mzee wetu amerudi.

Kilichonitia shaka ni wepesi wake. Alisogeza kete kama mtu anayefunga vifungo vya shati. Jana nikakaa nyuma yake, nikaona farasi akitolewa kafara palepale alipotolewa juzi. Ndipo nikatambua kosa ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeliona: sikuwa nimeiruhusu programu kubahatisha hata kidogo. Kwa kina kilekile, hatua zilezile huletewa majibu yaleyale. Baba alikuwa akirudia mchezo mmoja aliokariri, pengine tangu kabla hajaugua.

Ili ijibu vingine, nikapunguza kina hadi cha tatu bila kumwambia. Huyo ni mpinzani dhaifu, ambaye zamani baba alimfunga huku akisoma gazeti. Mapema tu jibu likaja tofauti. Baba akatulia. Akautazama ubao muda mrefu, kisha akamwacha malkia wake wazi. Tukarudia, akashindwa. Aliposhindwa mara ya tatu, akaniomba, kwa upole ambao sijauzoea kwake, nimrudishie yule wa kila siku, kwa kuwa huyu hamjui.

Huenda nakosea. Sataranji si kreni, na mwanafunzi angeniletea michezo mitatu kama ushahidi, ningemrudisha alikotoka. Labda alichoka tu. Lakini kule juu mzigo hauyumbi vilevile kila siku, na chini yake wanapita watu.

Kwa hiyo nikuambie nililokwisha kufanya. Asubuhi hii nimekwenda kwa msimamizi wake, nikamsihi asimpandishe kwenye kreni mpaka apimwe upya. Amekubali, akaahidi kutonitaja. Nimemwambia asijisumbue kunificha. Baba atayasikia leo, kutoka kwangu, nikishafunga bahasha hii. Sijui atanitazama vipi. Njoo, kaka, hata kwa siku mbili. Asiponisemesha mimi, atahitaji mtu wa kusema naye.

Mbusu mdogo wenu kwa niaba yangu, na wifi mwambie namkumbuka.

Ni mimi, mdogo wako akupendaye.