Ngazi Tano za Mama Bernadetha

Lipangalala, Ifakara
3 Mei 1998

Mdogo wangu Careen,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Sisi wazima. Mpunga unakomaa, ndege wanatusumbua, na mwanangu Hilary ameota meno mawili.

Unauliza ujifunze kwa nani kabla hujanunua kiwanja hapo Mlimba ujenge vyumba vya kupangisha. Mimi nilisoma kitabu kutoka Dar es Salaam mpaka jalada likachanika. Halafu nikachagua mwalimu, bwana mmoja mwenye tai aliyezungumza vizuri kuhusu mali. Sikumuuliza amejenga wapi. Hakuwa amejenga popote.

Kiwanja alinionyesha mwezi wa kumi, ardhi ikiwa kavu inapasuka. Ng'ambo ya barabara aliishi Mama Bernadetha, mwenye vyumba sita vya wapangaji. Msingi wa nyumba yake ulikuwa juu sana, unaupanda kwa ngazi tano. Nilimwamkia nikapita. Moyoni nilisema mama huyu ana majivuno.

Nikajenga haraka, kwa matofali mabichi. Mwezi wa pili maji yalikuja, yakakaa wiki tatu. Mama yetu usimwambie kwanza.

Kwa hiyo kiwanja kakitazame wakati wa masika, na uongee na wanaoishi jirani nacho.

Barua zako sasa zipitie kwa Mama Bernadetha, chumba cha nne. Nilimuuliza kwa nini hakunionya. Akasema, "Hukuniuliza, mwanangu. Na nilikuona umekuja na mwalimu."

Ni mimi kaka yako, mpangaji,
Faustin