Makofi Kabla ya Hoja

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu kabla ya mengine yote, shemeji naye umpe zake, na watoto uwagawie bila kumpunja mtu. Goti linaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema linakusumbua kidogo ukipanda ngazi, na nakujua, wewe ukisema kidogo ujue hulali. Nenda ukapimwe, usingoje nije nikuvute mkono. Sisi huku hatujambo kwa kiasi chetu. Mwanangu anarefuka tu, viatu nilivyomnunulia juzijuzi vinambana tayari, na baba yake yuko vilevile, anacheka peke yake akisikiliza redio.

Dada, kuna jambo limenikaa kooni na huku sina wa kumwambia. Uliposikia hoteli inafunga chumba chetu cha kufulia uliniuliza tumefikia wapi, nami nikapiga kimya. Mambo yalikuwa hivi. Mashuka na mataulo yote sasa yatafuliwa na kampuni ya nje, na mashine zetu zimeuzwa kwa kampuni hiyohiyo. Yaani mashine zimepata pa kwenda, sisi tunaoziendesha hatukupata. Tulichotaka ni kimoja tu: meneja aiombe kampuni ituchukue pamoja na mashine, na aombe kabla ya kutia saini mkataba, maana baada ya hapo nani atatusikiliza. Alikubali tuseme letu kwenye mkutano wa wafanyakazi wote, mradi azungumze mtu mmoja.

Wenzangu wakanichagua mimi. Si unajua, nyumbani mlinibandika jina la Chiriku, na kazini nako wakanibandika hilohilo bila kuambiwa na mtu. Nikiwa kwenye pasi naongea mpaka wananiomba nimeze mate. Walidhani anayeweza kuongea sana anaweza pia kuongea mbele za watu, na hata mimi nilidhani hivyo. Siku tulipojaribu, nilisimama mbele yao katikati ya vikapu vya mashuka, nikasema habari za asubuhi, na maneno yote yaliyobaki yakanikimbia. Nikakumbuka ulivyokuwa ukinisema, eti mwenye kelele hana neno.

Basi nikaenda kujifunza. Kuna mtangazaji wa redio aliyestaafu anayefundisha watu kuzungumza hadharani, Jumamosi mchana, pale maktaba. Ni mzee mpole, ila ana sauti nzito, hata akiuliza kalamu yake iko wapi unatamani kusimama wima. Alitufundisha kuachanisha miguu kidogo, kuacha kushikashika nguo, kupumua kutoka tumboni, na kutazama watu wa nyuma badala ya dari. Alichokazania zaidi ni mwanzo. Alisema tuanze kwa shukrani, kwa sababu mtu akishukuriwa hufungua masikio. Kisha tunyamaze. Tusiogope kimya, tuwaache watu watungoje, ndipo tutoe hoja. Na mtu akitukatiza tusibishane naye, tutabasamu, amalize, tuendelee.

Wenzangu wakawa wananifanyisha mazoezi kila mapumziko. Shukrani nilizimudu. Kimya ndicho kilichonitesa, kwa sababu nikinyamaza tu nasahau kinachofuata. Mwenzangu wa meza moja ya pasi akabuni dawa, kwamba nikifika hapo pa kunyamaza wote wanipigie makofi ya kunitia moyo. Usicheke, ilisaidia. Makofi yakiisha hoja inakuja yenyewe, naitoa mpaka mwisho bila kukwama. Tukajiona tumeshinda kabla ya kwenda.

Siku yenyewe ukumbi wa chakula ulijaa wapishi, wahudumu, walinzi, watu wa mapokezi. Meneja alikaa mbele na mgeni kutoka ile kampuni, mkataba uko mezani kati yao. Nilipoitwa nikaenda mbele, nikasimama kama nilivyofundishwa. Nikasema kwamba kwa niaba ya chumba cha kufulia namshukuru meneja na hoteli kwa yote waliyotutendea miaka hii yote. Sauti ilitoka, dada. Hata walinzi kule mlangoni waligeuka. Halafu nikanyamaza.

Wenzangu wakapiga makofi. Mikono yao ilishazoea. Meneja aliposikia naye akapiga, wapishi wakafuata, ukumbi mzima ukafuata, na yule mgeni akasimama kabisa. Nikangoja yaishe. Yalipoisha meneja akaniwahi, akasema amefarijika mno, kwamba alikuwa anaogopa manung'uniko na kumbe ana watu waungwana wanaoondoka kwa moyo mweupe. Nikatabasamu, namsubiri amalize. Muda si mrefu akatia saini, na mkutano ukaendelea na habari za sare mpya za wahudumu.

Tangu siku ile wenzangu wanajilaumu. Wananijia mmoja mmoja kuniomba radhi, eti bila makofi yao ningemaliza hotuba na wote tungekuwa na kazi. Mwenzangu wa meza ya pasi hata chakula hakimpiti vizuri. Jana alinishika mkono akalia, akasema wazo lilikuwa lake, na kwamba ametuponza wote. Nikamwambia nimemsamehe.

Sasa nikuambie nisilomwambia mtu. Kabla ya kutia saini, meneja aliinua kalamu, akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ndogo kama nina la kuongeza. Wenzangu walikuwa nyuma, hawakusikia. Hoja ilikuwa kichwani, sikuisahau, imejipanga yote. Nilitakiwa kufungua mdomo tu. Lakini watu wote wale walikuwa bado wananitazama kwa furaha, dada, na mimi tangu nizaliwe sijatazamwa hivyo. Mimi ni mtu wa kuambiwa nyamaza. Nikaona nikisema neno moja zaidi nyuso zile zitabadilika. Nikamwambia hapana, asante, ni hayo tu.

Ijumaa ndiyo siku yetu ya mwisho. Tutakunywa chai palepale kwenye vikapu, kisha kila mtu ashike njia yake. Nimejaribu kuwaambia ukweli, lakini nikianza najikuta naongea habari za mvua na bei ya sabuni, nao wanaona ni yuleyule Chiriku wao. Wamenichagua tena nizungumze kwa niaba yao. Nilitaka kukataa, nikashindwa hata hilo. Wameniahidi kwamba safari hii hakuna atakayepiga kofi, watakaa kimya wanisikilize mpaka niseme kila nilicho nacho moyoni.

Ningekuomba unishauri, ila najua barua hii itakufikia Ijumaa imeshapita. Niombee tu. Nisalimie shemeji, wabusu watoto, na lile goti usilifanyie ubishi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Chiriku